Kijana wa Kisomali ana kura ama ana wazee?

Mwezi huu barua karibu zote zimeangukia siasa, sijui ni joto ama ni uchaguzi unanukia. Nimechagua nne. Nimezikata urefu manake kuna mmoja aliandika kurasa nzima kuhusu jirani yake, huyo aende kwa mzee wa mtaa.

Assalaam aleikum ami. Mimi ni Msomali, miaka 24, mzaliwa wa Bondeni hapa Mombasa, lakini nusu ya familia iko Mogadishu. Binamu yangu huko kila tukiongea aniambia wewe una bahati, una kura, mimi nimemaliza chuo na sijawahi kupiga hata moja. Nikamuuliza, kwani rais wenu na wabunge wamechaguliwa na nani? Akacheka tu. Inakuaje ami? – Wa Bondeni

Waaleikum salaam mwanangu. Mwache acheke, ana haki. Mara ya mwisho nchi nzima ya Somalia kupanga foleni kuchagua wabunge kwa kura ya vyama vingi ilikuwa Machi 1969, Oktoba mwaka huohuo Jenerali Siad Barre akapindua serikali, na 1991 dola yenyewe ikaanguka. Kwa hivyo babu yake huenda alipiga kura, yeye bado.

Sasa wabunge watoka wapi? Mwaka 2000 kwenye mkutano wa Arta, kule Djibouti, walikubaliana viti vigawanywe kikoo, ndiyo ile wanaita nne na nusu: koo nne kubwa kila moja fungu sawa, na jamii ndogo zote zikiwekwa pamoja zapata nusu fungu. Ilikuwa dawa ya vita na sitaki kuibeza, watu walikuwa wanachinjana. Lakini dawa imekuwa chakula cha kila siku. 2012 wazee 135 ndio walioteua bunge. 2016 wakapanua kidogo, kila kiti wajumbe 51, na uchaguzi uliofuata, ule wa 2021 hadi 2022, wakawa wajumbe 101 kwa kila kiti. Viti vya bunge la chini ni 275, piga hesabu utaona ni watu elfu 27 na kitu waliochagua kwa niaba ya mamilioni, halafu hao wabunge wakaungana na maseneta 54 wakamchagua rais Mei 2022, ndani ya eneo la uwanja wa ndege, penye ulinzi. Wewe na binamu yako mngeangalia kwa simu tu.

Na hapo ndipo kijana anakwama, sikiza vizuri. Idadi anayo, zaidi ya nusu ya Wasomali hawajafika miaka 30. Katiba nayo haimzuii, ile ya muda ya 2012 ilisema miaka 25 watosha kugombea ubunge. Kinachomzuia ni orodha. Hao wajumbe 101 majina yao yanaandikwa na nani? Wazee wa ukoo, na wakubwa wa jimbo wakichungulia begani. Ukitaka kugombea unaanza kwa mzee akubali kwamba kiti ni cha mbari yenu zamu hii, alafu utoe ada, ule uchaguzi wa 2021 hadi 2022 ilikuwa dola 10,000, wanawake nusu yake. Kijana asiye na kazi azitoe wapi? Ataenda kwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hatoi sadaka. Kuna hata wagombea wa kuigiza, wenyewe wawaita malxiis, mtu anawekwa ili karatasini waonekane wawili, siku ya siku anajitoa ama anapata kura mbili tatu anapeana mkono anaenda zake. Vijana wengi wameingia siasa kwa mlango huo wa kuigiza, na wengine kazi yao ni kumpigia mheshimiwa picha na kumtetea Facebook.

Kinachonikera mimi ni kwamba siasa ya Somalia yenyewe ilianzishwa na vijana! Tarehe 15 Mei 1943, vijana 13 walianzisha klabu yao Mogadishu, Somali Youth Club, baadaye ikawa Somali Youth League, chama kilichoongoza nchi kwenye uhuru wa 1960. Na moja ya mambo waliyoyapinga wazi ni ukabila. Leo mjukuu wao akitaka kiti anaulizwa kwanza wewe wa nani.

Wapo waliopenya. Abbas Abdullahi Siraji alikulia kambi ya Dadaab, hapa kwetu Kenya, akarudi akaingia bungeni na 2017 akawa waziri wa ujenzi, kijana kuliko mawaziri wote. Mei mwaka huohuo akapigwa risasi na walinda usalama ndani ya gari lake Mogadishu, wakidhani ni mtu mbaya. Miaka 31. Allah amrehemu.

Mwambie binamu aangalie Puntland, lile jimbo la kaskazini mashariki mwa Somalia. 2021 walijaribu kura ya mtu mmoja kura moja kwa mabaraza ya miji mitatu, Qardho, Eyl na Ufeyn, na Mei 2023 wakaipeleka wilaya nyingi zaidi. Kura ya diwani tu, lakini pale mzee ana kura moja na kijana ana moja. Bunge la Mogadishu nalo lilibadilisha katiba Machi 2024 kutaka kura ya wote, Puntland wakakasirika siku iliyofuata wakasema hawaitambui serikali kuu, kwa hivyo hata hilo jambo zuri limeingia kwenye ugomvi wa wakubwa.

Ami, mbona mwatujazia siasa za Somalia? Sisi Mombasa zatuhusu nini? – Mzee wa Kibokoni

Zakuhusu mzee wangu. Uliza kambi ya wakimbizi ya Utange miaka ya tisini ilijaa akina nani, wengine walikuja kutoka Barawa, mji wa pwani ya Somalia, wakiongea Kiswahili chao tangu kwa mababu. Watoto wao leo ni majirani zako na wengine wana kadi za kura.

Ami shikamoo. Nina miaka 26, Msomali Mkenya, niko Tudor. Nataka kugombea MCA, yaani udiwani wa wadi yetu, 2027. Babangu hana neno, shida ni akina adeer, ami zangu, wamekaa kikao wakasema ukoo tayari una mtu wake na nisiwagawanye, tena ni msichana. Nifanyeje? – Binti wa Tudor

Marahaba mamangu. Kwanza hesabu. Wadi yenu si ya ukoo mmoja, kuna Waswahili, Wamijikenda, Wakamba, Waluo, Wahindi. Hata adeer wote wakikuunga mkono hawakufikishi. Kile kikao kina nguvu Mandera, ambako wazee wanaweza kugawana viti kabla ya kura na mambo yakaisha, hapa Mvita kikao hicho ni maoni ya familia tu. Nenda uwasalimie, beba halua, usibishane, alafu toka uende kwa kina mama wa vyama vya kuweka pesa maana hao ndio wenye wadi.

Amua mapema ni chama au binafsi. Chama kina mchujo, na mchujo kila mtu Mombasa ajua unavyoenda. Ukiwa mgombea binafsi katiba yataka wapigakura 500 wa wadi hiyo wakuunge mkono, na usiwe mwanachama wa chama chochote miezi mitatu kabla ya uchaguzi, ambao ni Agosti 10, 2027. Angalia kwa msajili wa vyama, watu wengi wameandikwa uanachama hata hawajui. Na usikubali kuambiwa "subiri tutakuteua", orodha za uteuzi nazo zina wazee wake.

Ndugu mhariri, kijana wangu ana miaka 19, kila akienda kuomba kitambulisho aambiwa alete cha babu, alete wazee wamhoji. Wenzake wa darasa moja walipata bila hayo. Ni haki? – Mama wa Majengo

Si haki mama, na bila hicho kitambulisho hakuna kura wala kugombea. Wasomali wa Kenya wamehangaishwa na hili tangu zamani, 1989 walipewa hadi kadi za pinki kuthibitisha ni Wakenya. Lakini Februari 2025 Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba ule msasa wa ziada kwa jamii za mipakani umeondolewa. Kwa hivyo mtume na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho chako na cha babake, karani akitaka wazee mwambie aandike sababu kwa karatasi na atie jina lake. Wengi hapo wanakumbuka ghafla kwamba si lazima. Akishakipata asirudi nyumbani kwanza, apite ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya Mvita ajiandikishe.