Raundi 75 za Sullivan na raundi 12 za leo

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa kijiweni kwetu Uyole, Mbeya, ubishi hauishi. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba John L. Sullivan, bingwa wa enzi za ngumi za mikono mitupu, angewatwanga mabondia wote wa uzito wa juu waliomfuata, kwa kuwa alipigana raundi 75 ilhali wa leo wanahema katika raundi ya 12. Je, hoja hiyo ina mashiko?

JIBU: Ndugu msomaji, raundi hizo zilipiganwa kweli, tarehe 8 Julai 1889 huko Richburg, Mississippi, dhidi ya Jake Kilrain. Hata hivyo, kwa kanuni za wakati ule raundi haikuwa na dakika maalumu, bali iliisha pale bondia mmoja alipoanguka, iwe kwa konde au kwa mweleka, ambao uliruhusiwa, kisha wote wakapumzika nusu dakika. Pambano zima lilichukua takribani saa mbili na robo; ukigawanya, kila raundi pamoja na mapumziko yake haifiki dakika mbili. Kutumia hesabu hiyo ni sawa na kupima safari ya Iringa hadi Mbeya kwa idadi ya vituo ambavyo basi limesimama.

Hayo hayamwondolei Sullivan sifa ya ustahimilivu, kwani walipigana kwenye jua kali, naye katika raundi ya 44 alitapika na bado akaendelea hadi upande wa Kilrain ulipokubali kushindwa. Lakini mkono mtupu wenyewe hupunguza kasi ya mchezo: mifupa yake huvunjika upesi ikigonga fuvu, hivyo bondia huchagua konde la kurusha. Glovu humlinda mpigaji kuliko mpigwaji, na Sullivan mwenyewe (jambo ambalo mashabiki wake husahau) alizipenda, akapigana nazo mara nyingi zaidi kuliko bila hizo.

Kuhusu umbo, alikuwa na urefu wa sentimita 178 hivi na uzito wa karibu kilo 90, kiasi kwamba leo angeweza kupangwa katika daraja lililo chini ya uzito wa juu. Tyson Fury, bondia wa uzito wa juu wa siku hizi, ana sentimita 206, na mwaka 2020 alipomshinda Deontay Wilder alizidi kilo 120. Ulinganisho wa haki ni na Rocky Marciano, bingwa wa uzito wa juu wa miaka ya 1950, aliyelingana na Sullivan kwa umbo na kushinda mapambano yake yote 49. Kwa glovu, mimi ningemchagua Marciano bila kusita.

Tena jibu lilianza kuonekana Sullivan akiwa bado bingwa. Mwaka 1892 huko New Orleans, kwa glovu na raundi za dakika tatu, alimkimbiza James J. Corbett ulingo mzima bila kumpata, akaangushwa katika raundi ya 21. Ni kweli kwamba pombe na miaka mitatu bila pambano la ubingwa vilikuwa vimemchosha.

Mwenzenu akiendelea kudai kwamba angewashinda wote, muulizeni kuhusu Peter Jackson, bondia mweusi ambaye Sullivan alikataa kupanda naye ulingoni kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1891 Jackson alipigana na Corbett huyo huyo raundi 61 za dakika tatu, yaani takribani saa nne pamoja na mapumziko, na mshindi hakupatikana.