Baraka, kiwanja cha Kisongo kisiuzwe

Marahaba, Baraka mwanangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa ndani ya gari nje ya kiwanda, saa 12 asubuhi, mikono inanuka plastiki. Unasema kuna kaka pale Ngarenaro, Arusha, anapeleka watu Marekani kufanya kazi viwandani, milioni 12, nusu sasa, nusu ukishafika. Unasema Trump ameweka ushuru kwa bidhaa za nje, viwanda vinarudi, watu wanatafutwa. Unasema mama yako amekubali kiwanja cha Kisongo kiuzwe. Halafu ukamalizia: "Na wewe mjomba si uko Akron, mji wa matairi, tena kiwandani kabisa, utanipokea."

Nimekasirika sana. Nusu ya hasira hiyo inanihusu mimi, ndiyo maana najibu kwa maandishi na kwa kirefu. Na wengine wanaoniuliza hayo hayo wasome.

Naanza na ile picha. Mwaka 2013 niliwatumia picha nimesimama mtaa wa East Market, mbele ya majengo ya zamani ya kampuni ya matairi ya Goodyear, nimevaa ovaroli niliyoazima kwa Mkongo tuliyekuwa tunapanga naye. Sikuandika kwamba nafanya kazi pale. Sikuandika pia kwamba sifanyi. Bibi yako akaitundika sebuleni, na kila mgeni akaambiwa mwanangu anatengeneza matairi ya Wamarekani. Wakati ule nilikuwa nasafisha vyoo vya ofisi usiku. Na majengo yale, Baraka, yaliacha kutoa matairi ya magari ya watu wa kawaida kabla wewe hujazaliwa. Sehemu yake leo ni nyumba za kupanga. Niliona aibu kuwaambia, aibu ikakaa, na sasa wewe unataka kuuza ardhi kwa sababu yake.

Sasa kazi yangu. Nafanya kwenye kiwanda cha vipande vya plastiki vya magari, sitakitaja jina. Mwenye kunilipa ni wakala wa vibarua, kiwanda chenyewe hakinijui. Kila sekunde arobaini hivi mashine inafunguka, natoa kipande cha moto, nakata kingo kwa kisu, naweka kwenye kreti, inafunguka tena. Zamu ni ya saa kumi na mbili, usiku. Kitambulisho changu ni cha rangi ya chungwa, cha waajiriwa wa kudumu ni bluu. Kazi ni ile ile, mashine ile ile, ila mwenye bluu analipwa dola 22 kwa saa na mimi 15 na nusu, na mwenye bluu akiumwa analipwa, mimi nikiumwa nahesabiwa pointi. Ukichelewa dakika tatu, nusu pointi. Mtoto akilazwa ukakosa siku moja, pointi nzima. Pointi sita, umekwenda. Hakuna barua wala kikao, kadi yako inakataa tu kufungua mlango.

Lakini si hayo yanayoniumiza. Kinachoniumiza ni choo. Mashine haisimami, kwa hiyo ukitaka kwenda haja unanyoosha mkono, unasubiri kiongozi wa zamu aje akushikie nafasi. Wangu ni binti wa miaka 23. Ana daftari, anaandika saa ya kutoka na saa ya kurudi. Mimi, mwalimu niliyesimama mbele ya kidato cha nne miaka tisa, watoto wakinyoosha mikono kuniomba ruhusa, leo nina miaka 47 na ninanyoosha mkono. Kuna usiku alikuwa upande wa pili wa jengo, hakuniona. Sitaandika zaidi ya hapo. Mama yako hajui, na huyo kaka wa Ngarenaro hawezi kukuambia.

Sasa utauliza, zile kazi nzuri tulizokuwa tunazisikia zilikuwa uongo? Hapana. Zilikuwepo kweli, na nataka uelewe zilikokwenda, maana bila hilo kila atakayekuambia zinarudi utamwamini.

Jirani yangu ni mzee wa miaka karibu themanini, alijenga matairi mjini hapa. Wao wanasema hivyo, kujenga tairi, kwa sababu tabaka linawekwa juu ya tabaka. Alinunua nyumba akiwa na miaka 24, mke hafanyi kazi, watoto watatu, hospitali inalipwa, pensheni mpaka leo. Hakumaliza hata sekondari. Wakati huo mji huu ulikuwa unaitwa Mji Mkuu wa Mpira Duniani: Goodyear, Firestone, Goodrich na General Tire zote zilikuwa hapa. Mwaka 1910 Akron ilikuwa na watu 69,000 hivi, mwaka 1920 wakawa 208,000. Watu walimiminika kutoka milima ya West Virginia, mtu na begi lake, kama wewe unavyotaka kufanya sasa. Na mishahara ile haikushuka kama mvua. Walikunja ngumi. Chama chao cha wafanyakazi wa mpira kilizaliwa mjini hapa mwaka 1935, mwaka uliofuata wakaigomea Goodyear kwenye baridi kali, na ndipo wakaanza kuheshimiwa.

Halafu viwanda vikafa. Kuna watakaokuambia ni Wachina. Siyo, angalau si hapa mwanzoni. Wachina walikuta jeraha limeshafunguka.

Wafaransa wa Michelin walikuwa wamebuni tairi la radial tangu miaka ya 1940, lile ambalo nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo na juu yake kuna mkanda wa chuma. Linadumu karibu mara mbili ya lile la zamani. Fikiria maana yake kwa mji unaoishi kwa matairi: watu wananunua nusu. Isitoshe, mashine za tairi la zamani haziwezi kujenga jipya, unapaswa kutupa zote ununue nyingine. Wakubwa wa Akron waliona gharama hiyo wakachelewa kwa makusudi, kwa sababu mashine za zamani bado zilikuwa zinaingiza faida. Firestone ilipoamua kuharakisha ikatoa tairi la radial lililokuwa linapasuka barabarani, na mwaka 1978 ikalazimika kuita mamilioni ya matairi yarudishwe. Viwanda vipya vya matairi ya radial vilipojengwa, vingi vilikwenda majimbo ya kusini, kwenye ardhi tambarare na vyama dhaifu, kwa sababu majengo ya huku yalikuwa ya ghorofa nyingi, ya enzi za babu zao, mpira unapandishwa na kushushwa kwa lifti.

Wafanyakazi nao? Mwaka 1976 waligoma nchi nzima miezi minne wakapata nyongeza inayopanda na bei za vitu. Mzee wangu anajivunia mgomo ule mpaka leo, na anasema pia kwamba tangu siku ile makampuni hayakujenga tena kiwanda kikubwa cha matairi Akron. Anasema yote mawili kwa pumzi moja, na nadhani yote mawili ni kweli. Mwaka 1982 General Tire ikafunga kiwanda chake cha hapa. Mwaka 1986 tajiri mmoja, James Goldsmith, akanunua hisa za Goodyear akitaka kuimeza, kampuni ikakopa mabilioni kuzinunua hisa zake na kisha ikauza vitengo vyake kulipa deni. Mwaka 1987 General Tire ikaenda kwa Wajerumani wa Continental, mwaka 1988 Firestone kwa Wajapani wa Bridgestone, Goodrich ya matairi ikaishia kwa Michelin wale wale. Goodyear peke yake ndiyo imebaki na makao makuu yake hapa. Mji uliokuwa na watu 290,000 mwaka 1960 una 190,000 sasa.

General Tire, Baraka. Jina unalifahamu. Kile kiwanda chetu cha General Tyre pale Arusha kilikuwa cha ubia wa serikali na kampuni hii hii ya Akron. Nilipokuwa mdogo niliona jina lile kwenye kila lori linalopanda Dodoma. Nilipofika huku nikaona mahali lilipotoka, mbavu zikanibana. Mama amekufa na mtoto amekufa.

China ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikuja kweli. Ilipoingia Shirika la Biashara Duniani mwishoni mwa mwaka 2001, viwanda vya Marekani vilikuwa na wafanyakazi karibu milioni 16, kutoka milioni 19 na nusu mwaka 1979. Kufika mwanzoni mwa 2010 walikuwa chini ya milioni 11 na nusu. Samani, nguo, vifaa vya umeme, miji mizima ikafungwa. Ila sikiliza jambo ambalo huku wenyewe hawapendi kulisikia: vitu havikuacha kutengenezwa. Nchi hii bado ni ya pili duniani kwa viwanda. Tani ya chuma iliyokuwa inachukua saa kumi za mtu mwanzoni mwa miaka ya 1980 leo inachukua kama moja na nusu. Mkono wa chuma unafanya kazi ya watu wanane, na haunyooshi mkono kuomba choo.

Na huo ushuru unaokupa matumaini umeshajaribiwa, tena kwenye matairi. Mwaka 2009 Obama aliweka asilimia 35 kwenye matairi ya China. Matairi ya China yakapungua, ya Thailand, Indonesia na Mexico yakajaa. Wachumi waliopiga hesabu baadaye waliona kazi zilizookolewa hazizidi 1,200, na wanunuzi walilipa zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili yake. Sasa kuna ushuru mpana kuliko ule. Kiwandani kwetu tangu uanze nimeona roboti mbili mpya. Vitambulisho vya bluu sijaona kipya.

Kwa hiyo usije. Usimpe huyo kaka hata shilingi. Kiwanda ninachofanyia hakijawahi kumlipia mtu viza aje kukata kingo za plastiki, na mimi nilifika kwa bahati nasibu ya viza, sikununua kazi kwa mtu. Ukimpa milioni sita leo, simu yake haitapatikana wiki ijayo.

Lakini nisikudanganye kwa upande wa pili. Dola 200 ninazotuma kila mwezi zinatoka kwenye kisu kile kile. Kwa wiki, baada ya kodi, nashika kama 520. Nyumba 950 kwa mwezi, bima ya gari 160, na bila gari hufiki kazini. Kinachobaki nagawa. Dawa za sukari za bibi yako zimelipwa hivyo miaka kumi, na mshahara wangu wa ualimu usingeziweza. Kwa hiyo siwezi kukuambia nilikosea kuja. Ukipata njia halali, karatasi mkononi, njoo hata kesho, nitakulaza kitandani kwangu mimi nilale sakafuni. Ila uje na kitu mkononi. Kitu pekee kinachotafutwa kwa tochi humu viwandani ni fundi: wa umeme wa mitambo, wa kuchomelea, wa kuitengeneza roboti ikigoma. Fundi wa kwetu analipwa zaidi ya dola 35 kwa saa, na akienda chooni hakuna anayeandika. Digrii yangu ya ualimu huku haikufungua mlango wowote, na sikuwa na ujuzi wa mikono.

Nenda VETA, chuo cha ufundi. Najua utasema ni ya waliofeli, na mimi nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu hivyo hivyo, Mungu anisamehe. Chukua umeme wa viwandani. Ada nitalipa. Mwezi huu sina, mgongo uliniuma nikakosa siku mbili na nina pointi nne tayari, lakini Januari itafika. Ukishakuwa fundi unaweza ukaja huku, au ukabaki Arusha ukafunga umeme kwenye mahoteli, na ukibaki nitafurahi zaidi. Au usifurahie maneno yangu, ni maisha yako. Kiwanja tu kisiguswe. Kile alikinunua babu yako.

Jumapili saa 2 usiku ya huko nitapiga simu. Mama yako akae karibu, na bibi pia. Nataka kuwaambia mwenyewe habari ya ile picha kabla hujawasomea haya.