Muulize Shangazi: Ikangaa alichukua dhahabu au hakuchukua?

Shangazi anaishi Footscray, Melbourne, na kazi yake ni kuhudumia wazee katika makao yao. Mwezi huu barua nyingi zimekuja na habari za michezo.

Shangazi, shikamoo. Baba yetu mkubwa, mwanajeshi mstaafu, anashikilia kwamba Juma Ikangaa alichukua dhahabu ya marathoni Australia mwaka 1982. Kaka yangu anasema ilikuwa fedha. Sasa hawasemeshani hata wakati wa kula. Tuamulie. (Msomaji wa Babati)

Marahaba, mwanangu. Kaka yako ndiye mkweli, ila asimcheke mzee, maana dhahabu ya Mtanzania ilikuwapo kwenye Michezo hiyohiyo ya Jumuiya ya Madola kule Brisbane. Gidamis Shahanga aliitwaa katika mita 10,000. Nadhani mzee amechanganya hapo. Kwenye marathoni Ikangaa alikuwa wa pili.

Lakini wa pili wa namna gani! Shahanga hakutosheka na dhahabu yake, siku chache baadaye akajitosa na kwenye marathoni. Yeye na Ikangaa wakatoka kwa kasi iliyowafanya wenyeji watikise vichwa, wakidhani hawa wawili watakatika pumzi njiani. Hawakukatika. Pengo likazidi kupanuka. Rob de Castella, mzaliwa wa hapa Melbourne, masharubu mazito na mapaja manene ambayo humdhanii kabisa kuwa mkimbiaji wa masafa marefu, hakuwafukuza. Akatulia na mwendo wake. Nusu ya pili ndipo alipoanza kulila lile pengo kidogo kidogo. Shahanga akapitwa. Zikiwa zimebaki kilomita chache akamfikia Ikangaa.

Itafute mikanda ya mbio hizo umwonyeshe baba mkubwa. De Castella anapita, Ikangaa anarudi mbele. Anapita tena, Ikangaa anarudi tena, mtu mfupi, hatua za haraka haraka, pembeni yake jibaba. Mwisho de Castella alimaliza kwa 2:09:18, Ikangaa 2:09:30. Kilomita 42 na ushee, tofauti sekunde 12.

Mimi nimeyajua haya kazini. Nikisema natoka Tanzania, vijana wa hapa huniuliza Serengeti. Wazee huniuliza Ikangaa. Yupo mmoja ambaye kila nikimkata kucha za miguu lazima anisimulie mbio zile tangu mwanzo, na kila mwezi pengo linaongezeka. Mara ya mwisho Watanzania walikuwa mbele kwa dakika tatu nzima. Simsahihishi, maana akinogewa na hadithi mguu unatulia na kazi yangu inakwenda. Kinachonishangaza ni kwamba aliyeshinda ni mtu wao, lakini anayesimuliwa ni wetu. Sisi nyumbani tumwulize kijana wa miaka ishirini Ikangaa ni nani, tuone.

Kama mzee bado amenuna, mkumbusheni New York 1989. Ikangaa huyo huyo alishinda kule kwa 2:08:01, na hilo halina ubishi wa dhahabu wala fedha.

Shangazi, habari za huko? Mimi nimekuja Melbourne kusoma. Kila ninayekutana naye ananiuliza nashabikia timu gani. Nikisema Yanga wananitazama tu. Nifanyeje? (Mwanafunzi kutoka Mbagala)

Salama, mwanangu. Hilo hapa ni salamu, usilichukulie kama usaili. Wanaulizia mpira wao wenyewe, wanaouita futi. Timu 18, kila upande wachezaji 18 uwanjani, uwanja wa umbo la yai na mpira nao wa umbo la yai. Unaruhusiwa kuudaka, kuupiga teke, na kumpasia mwenzako kwa kuupiga ngumi, ila usiurushe. Golini kuna milingoti minne. Ukiupitisha kati ya ile miwili ya katikati unapata pointi 6, ukikosa ukapita pembeni yake unapata 1. Niliposikia mara ya kwanza kwamba mtu anakosa goli na bado anapewa chochote, nilicheka mpaka nikatoka nje.

Ushauri wangu: usichague timu inayoshinda mwaka huu. Watakushtukia papo hapo, kwa sababu timu hapa hurithiwa, au huja na mtaa. Kama umepanga upande wetu wa magharibi, wewe ni Western Bulldogs, basi, jambo limekwisha. Walichukua ubingwa 1954, halafu wakakaa miaka 62 mpaka 2016. Mwaka huo nahodha wao, Bob Murphy, aliumia goti mapema kwenye msimu, akaishia kuitazama fainali bila kucheza. Kocha Luke Beveridge alipokwishavishwa medali yake jukwaani, akamwita Murphy, akaivua, akamvika yeye. Ukikisimulia kisa hicho Footscray, utapewa kiti.

Muuza mboga wangu ni Mvietinamu. Kiingereza chake cha kuokoteza na changu hakijambo kidogo tu, lakini Jumatatu tunaelewana vizuri. Bulldogs wakishinda ananiongezea kotimiri. Wakifungwa ananipimia bila kuinua macho.

Yanga usiiache. Timu mbili si dhambi, mradi hazikutani.

Assalaam aleikum, Shangazi. Mwanangu kaajiriwa huko Melbourne. Anasema ikikaribia Novemba wenzake huchangishana dola, kisha kila mtu huchomoa jina la farasi kwenye kofia. Yeye hataki kamari, na hataki aonekane ana kiburi. (Mama wa Kisauni, Mombasa)

Waaleikum salaam, dada yangu. Ya halali na haramu mwulizeni sheikh wenu, mimi nitasema ya kazini tu.

Hayo ni mashindano ya farasi ya Melbourne Cup, yalianza 1861, mita 3,200, Jumanne ya kwanza ya Novemba, na mjini ni sikukuu kabisa. Makao ya wazee hayafungwi, kwa hiyo kofia kwetu inazunguka siku yenyewe. Wenzangu Wasomali hawachomoi karatasi. Huleta sambusa, wanakaa na watu, wanapiga makelele farasi wakitoka, na sijaona aliyewanunia. Siri ni kusema mapema: “Ahsanteni, mimi sichezi,” kofia ikiwa bado upande wa pili wa chumba. Ikishakufikia mkononi, kukataa kunageuka hotuba. Na siku hizi wapo wenyeji wenyewe wanaoususia mchezo huo kwa sababu ya farasi waliokufa uwanjani, kwa hiyo hatakuwa peke yake.

Akitaka la kuzungumza, aulizie Phar Lap, farasi aliyeshinda 1930 akafa Marekani 1932. Ngozi yake iliyojazwa iko jumba la makumbusho la hapa Melbourne, moyo uko Canberra, mifupa iko Wellington, New Zealand. Akishauliza ni kwa nini wamegawana hivyo, atasimuliwa mpaka sambusa ziishe.