Maswali ya wasomaji: pikipiki kubwa ya zamani, nianze na taa au nianze na chaji?

Safari hii maswali yote yametoka Tabora na Kigoma, na nimefurahi sana kuona kuna watu huku kwetu bado wanazitunza pikipiki kubwa za masafa badala ya kuziuza vipande vipande. Nimejibu kwa urefu pale penye shida kubwa, kwengine nimepita haraka.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tabora mjini, Cheyo. Nina BMW R80 RT ya 1986, aliniachia baba mdogo. Shida yake inakula betri, nshabadilisha mbili na hii ya pili nayo imeanza kuchoka, asubuhi selfu inalia tik tik basi. Fundi anasema alteneta imekufa tuagize nyingine, bei aliyonitajia inatisha. Alaf nilikua nataka nifunge taa mbili za spoti za LED, sehemu ya kuchajia simu, nisafiri nayo mpaka Kigoma kupitia Urambo na Kaliua. Nianze na nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usiagize kitu chochote, na betri ya tatu pia usinunue bado.

Iko hivi. Alteneta ya hiyo pikipiki iko mbele kabisa ya injini, chini ya kile kifuniko cha alumini, ni ya Bosch na ikiwa nzima kabisa inatoa wati 280. Tofauti yake na hizi Boxer na TVS ambazo fundi wako anazishika kila siku ni kwamba ndani yake hamna sumaku ya kudumu, rota yake, yani ile sehemu inayozunguka, inageuka sumaku pale tu inapoletewa umeme kutoka kwenye betri, na huo umeme wa kuanzia unapita wapi? Unapita kwenye ile taa ndogo nyekundu ya chaji hapo kwenye dashibodi. Yani ile taa haipo kwa ajili ya kukuonya peke yake, yenyewe ni sehemu ya njia ya umeme, globu yake ikiungua alteneta inaweza isichaji kabisa hata kama haina ugonjwa wowote. Watu wamenunua alteneta nzima kwa sababu ya globu, na inaniuma kila nikisikia.

Kwa hiyo fanya hivi, washa swichi bila kustua injini. Taa nyekundu inatakiwa iwake. Haijawaka? Toa globu uipime. Ikiwa imeungua weka nyingine ya waya, ya wati zilezile, na tafadhali usiweke LED hapo, LED inapitisha umeme kidogo mno na rota haitaamka. Kama globu ni nzima na bado haiwaki, basi njia imekatika mbele zaidi, ama brashi za kaboni zimeisha, ama rota imekatika waya ndani, na rota kukatika ni ugonjwa wa kawaida sana wa hizi BMW za miaka hiyo.

Kabla hujafungua kile kifuniko cha mbele TOA WAYA WA NEGATIVU KWENYE BETRI. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ndani pale kuna bodi ya daiodi, ile inayonyoosha umeme wa alteneta uweze kuingia kwenye betri, ambayo muda wote ina moto wa betri, kifuniko ni chuma, kikiigusa wakati unakichomoa umeiunguza bodi, na hapo ndo utakua umejitafutia gharama ambayo hukua nayo. Ukishafungua, weka mita kwenye ohmu, gusa zile pete mbili za shaba za rota. Rota nzima ya alteneta hii inasoma ohmu 3 na kitu hivi. Isiposoma chochote imekatika. Alaf gusa pete moja na bodi ya injini, hapo isisome kitu, ikisoma ujue inavuja. Pete zikiwa nyeusi zisafishe na msasa laini sana, brashi zikiwa fupi badilisha, hizo ni bei ndogo.

Kama hauna mita, nunua mita kabla ya kitu kingine chochote. Hata ile ya bei rahisi ya kwenye duka la umeme inatosha. Betri iliyojaa ikikaa masaa kadhaa bila kuguswa inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.2 iko nusu. Washa injini, panda mpaka mizunguko 3000 au 4000, volti zipande mpaka 13.5 kwenda 14 na kidogo. Zisipopanda ndo una tatizo la chaji. Zikipanda vizuri na bado betri inalala usiku, basi kuna kitu kinanyonya umeme pikipiki ikiwa imezimwa, chomoa fyuzi moja moja huku mita ikiwa kwenye ampea mpaka umpate mwizi.

Sasa hizo spoti zako. Wati 280 zinasikika nyingi lakini hizo ni za mizunguko ya juu, mjini ukiwa unajikokota kwenye mizunguko 1500 alteneta hii inatoa kidogo sana, na hapohapo taa kubwa inakula 55 mpaka 60, koili inakula, taa ya nyuma inakula. Spoti mbili za LED za wati 20 kila moja ni wati 40, ampea 3 na kidogo, chaja ya simu wati 10 hivi. Barabarani ukiwa unatembea inabeba vizuri tu, ila mjini zizime. Zifunge kwa rilei, ile swichi inayowashwa na umeme, waya wake utoke moja kwa moja kwenye betri na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sio kule mbele kwenye taa, maana waya ukichubuka katikati fyuzi ya mbele haikusaidii kitu. Usiunganishe kwenye waya wa taa kubwa, swichi za 1986 hazikutengenezwa kubeba huo mzigo.

Kama ungeniuliza mimi ni kitu gani kimoja nifunge kwenye R80 kabla ya safari, ningekwambia voltimita ndogo ya kwenye usukani. Utaona chaji inapoanza kushuka ukiwa Urambo, wakati bado una nafasi ya kuzima taa na kutafuta sababu, kuliko kuja kujua porini baada ya Kaliua usiku.

Na kwa kuwa utakua umeshakaa nayo chini, seti na tapeti, yani ule uwazi mdogo kati ya valvu na roka, ile mikono inayozibonyeza valvu. Silinda zimetokeza nje kulia na kushoto, hakuna injini rahisi kama hii kwa mtu anayejifunza nyumbani. Injini iwe ya baridi kabisa, imelala usiku mzima. Simamisha kwa stendi kubwa, toa plagi za moto, weka gia ya tano, zungusha tairi la nyuma taratibu mpaka uone alama OT, ya pistoni kuwa juu kabisa, kwenye kale kadirisha ka pembeni ya injini upande wa kushoto. Silinda ambayo roka zake zote mbili zimelegea ndo unayoanza nayo. Valvu ya kuingiza 0.10 milimita, ya kutolea moshi 0.20, unapima na fila, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi. Alaf zungusha injini raundi moja kamili, mpaka OT irudi tena, ufanye ya upande wa pili. Usibane kuzidi hapo kwa sababu unataka injini iwe kimya, tapeti inayolia kidogo ni salama, iliyobana inaunguza valvu.

SWALI: Habari za kazi fundi, mimi ni dada niko Mwanga, Kigoma. Natumia Honda Transalp 600 ya miaka ya 90, niliuziwa na mzungu aliyekuwa anasafiri Afrika. Wiki iliyopita ilizima njiani natoka Uvinza, tukakuta ile plagi nyeupe ya waya tatu za njano imeyeyuka. Fundi ameunga moja kwa moja imewaka. Nimeambiwa nibadilishe taa zote ziwe LED ili kupunguzia mzigo, ni kweli?

JIBU: Nzuri dada, pole na Uvinza, kusukuma Transalp sio mchezo.

Hapana sio kweli, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Pikipiki yako haifanani na BMW ya hapo juu. Ya kwako ina sumaku ya kudumu, kwa hiyo steta, zile koili zilizotulia ndani ya injini, inazalisha umeme wote inaoweza muda wote injini inapozunguka, uwe umewasha taa au umezima. Kazi ya regyuleta ya asili ya Honda, kile kifaa kinachozuia volti zisizidi, ni kuchukua umeme uliozidi na kuuzungusha urudi, na kuzungusha huko kunageuka joto. Sasa ukiweka LED kila mahali umeme uliozidi unakua mwingi zaidi, na regyuleta inachemka zaidi. LED ni nzuri kwa kuona usiku, sikatai, ila kwa ugonjwa ulionao haziponyi.

Ugonjwa wako uko kwenye ile plagi. Miaka thelathini, vumbi, unyevu wa ziwa, na kama umewahi kubeba chumvi ya Uvinza kwenye keria ndo kabisa, vile vibati vya ndani vinapata kutu, kutu inaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, plastiki inayeyuka. Fundi wako hajakosea kuiondoa plagi, swali ni ameunga vipi. Kama amesokota waya na kuzungushia seloteipu ya umeme, rudi. Waya zikatwe mpaka pale shaba inapokua inang'aa, maana waya uliochemka unakua mweusi kwa ndani, alaf zichomelewe na risasi na zivalishwe mpira wa kuchoma. Usijali ipi inaenda na ipi, zile njano tatu zote ni sawa.

Baada ya hapo pima steta. Chomoa njano, weka ohmu, pima ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Namba tatu zote zifanane na ziwe ndogo, chini ya ohmu 1 au hapo hapo. Gusa kila njano na bodi, isisome kitu. Steta ikiwa nzima, regyuleta ndo ya kubadilisha, na kwenye Transalp inajulikana dunia nzima kwamba ni kiungo dhaifu. Usirudishe ya aina ileile kama unaweza kupata ya kampuni ya Shindengen aina ya mosfeti, FH020, inachemka kidogo sana kuliko ya zamani na inafungwa na waya zilezile kwa kubadili plagi tu. Kuna nyingine ya siriizi, SH775, inayokata umeme uliozidi badala ya kuuzungusha, hiyo inapumzisha hata steta. Jihadhari na feki, ya kweli maandishi yake yamechongwa kwenye bodi yenyewe, hayajabandikwa karatasi. Ifunge mahali inapopigwa na upepo.

Na moja ambayo hukuuliza. Hiyo injini ina silinda mbili lakini plagi za moto ni nne, mbili kila silinda. Mafundi wengi wanabadilisha zile mbili zinazoonekana.

SWALI: Fundi, niko Kasulu. Breki ya mbele inashika yenyewe nikishuka milima, nikisimama dakika kumi inaachia. Fundi amebadilisha pedi, bado.

JIBU: Pedi hazina kosa ndugu yangu. Breki inashika kwa sababu maji ya breki yanaenda lakini hayarudi. Mara nyingi sababu ni mbili, ama kale katundu kadogo ka kurudishia ndani ya masta silinda, ile pampu ya kwenye mkono wa breki, kameziba, ama mpira wa kupitisha maji ya breki umevimba kwa ndani, kwa nje unauona mzima kabisa ila ndani njia imebaki nyembamba kama uzi. Jaribu hivi, ikishika tu fungua kidogo mpira kule juu kwenye masta. Ikiachia, kosa liko kwenye masta. Isipoachia, fungua kinyonyo cha kutolea hewa kwenye kalipa, kile kinachobana pedi, ikiachia hapo ni mpira. Ikikataa pote pistoni za kalipa zimeota kutu.

Mpira wenye umri kama wa pikipiki badilisha tu hata kabla hujauliza, na kama una hela weka ile ya waya wa stenlesi, hiyo ni apgredi ninayoitetea kuliko silensa ya kelele. Maji weka DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, yanavuta unyevu hewani, kila miaka miwili yamwage. Yakidondokea rangi mwagia maji mengi hapohapo, yanakula rangi. Na mpaka umalize hiyo kazi usishuke nayo tena milima ya huko.

SWALI: Nafanya kazi Ujiji, nimepata tairi za nje za pikipiki yangu, kashata (yale meno ya tairi) bado mpya kabisa, muuzaji anasema hazijatembea. Ninunue?

JIBU: Usiangalie kashata kwanza. Angalia ubavuni, tafuta neno DOT, mwisho wake kuna namba nne kwenye kiduara. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya hivyo hata kama haijawahi kugusa ardhi mpira wake umeshakauka, kwenye lami yenye maji inateleza kama sabuni. Bonyeza na ukucha, ukucha usipoacha alama mwachie mwenyewe. Ikiwa na miaka mitano kushuka na haina nyufa kwenye mifereji, jadilianeni bei. Na kama ringi yako ni ya spoku, nunua na tyubu mpya siku hiyohiyo.