Naweza kuzamia meli iliyozama hapa Kisumu?

SWALI: Mhariri sasa, binamu yangu ako Chicago amenitumia video akizamia mabaki ya meli ya Silver Spray kwa Ziwa Michigan, maji kina kidogo na karibu na mji kabisa. Mimi nilisomea skuba Diani. Naeza jaribu hiyo kitu huku ziwani? – Msomaji, Nyalenda

JIBU: Hiyo meli ilikwama kwa mwamba wa Morgan Shoal mwaka wa 1914, na boila yake bado huchungulia juu ya maji, yani mtu anaogelea tu kutoka ufuoni. Tena maji yasiyo na chumvi hayana wale wadudu wa baharini wanaotafuna mbao, ndio maana mabaki hudumu.

Huku kwetu ndugu yangu ni hadithi ingine. Maji ya Ghuba ya Winam ni ya matope, kuna magugu, nyavu zimetupwa, na viboko wa Dunga hawajui kama wewe ni mgeni. Kichocho pia kiko, so ukiingia upimwe baadaye hata kama hujiskii mgonjwa.

Alafu ile hesabu ya Diani iache huko. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo lazima utumie jedwali la nyanda za juu (lile la kuonyesha unaeza kaa chini muda gani), na upunguze vyuma vya uzito kiunoni maana maji haya hayakubebi juu kama ya chumvi. Ni kama kilo mbili hivi, lakini jaribu kwanza kwa dimbwi la hoteli.

Na usiende solo. Tafuta wavuvi wa pale wakuonyeshe nyavu ziko wapi, beba kisu, na ndani ya meli usiingie.