Geji Imesoma 11,000: Je, Gesi Ni Nyingi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi wa petroli, mwaka wa tatu, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mjomba wangu wa Singida ameonyeshwa na dalali video ya kisima cha nchi za nje kikijaribiwa: moto mrefu unawaka kwenye bomba, geji inasoma presha ya psi 11,000. Ameambiwa presha na joto la namna hiyo ni dalili ya gesi isiyokwisha, sasa anataka kuuza ng'ombe anunue hisa. Ninachouliza: kama geji imeshasoma siku ya kwanza, kwa nini majaribio ya visima hivi yaendelee siku kadhaa, tena kwa gharama kubwa?

JIBU: Marahaba. Kwanza ng'ombe wabaki zizini.

Tangu TPDC, shirika la petroli la taifa, waanze kutafuta mafuta bonde la Eyasi Wembere, swali hili naletewa kila mara, na kila mara kuna dalali nyuma yake. Presha haihesabu gesi. Nenda kwa fundi baiskeli pale Majengo umuulize: tairi jembamba la baiskeli hujazwa presha kubwa kuliko la gari dogo. Hewa nyingi iko wapi? Presha ya kutisha chini ya ardhi mara nyingi hutokana na tope lililofukiwa haraka zamani, maji yake yakakosa pa kutokea, yakabaki yamebeba uzito wa miamba iliyo juu. Kifuko kidogo cha mchanga kilichonaswa humo kitasukuma geji hadi uogope, na kikakauka kabla hamjamaliza kulipia mtambo.

Ndiyo maana tunafungua, tunatiririsha, tunafunga, halafu tunasubiri. Kazi yenyewe iko kwenye kusubiri. Presha ikipanda kisha ikagoma kurudi ilipokuwa mwanzoni, huenda umeshaonja sehemu kubwa ya kilichomo. Moto wa kwenye video hauwezi kukuambia hilo, hata uwe mrefu kama mnara wa simu.

Halafu geji ile iko juu ya kisima. Kwenye visima tunavyoviita vya presha na joto kali, yaani joto la kuvuka nyuzi 149 za Sentigredi na vifaa vya kuhimili zaidi ya psi 10,000, geji ya juu inadanganya. Ukifunga kisima cha gesi ya moto, gesi iliyomo bombani inapoa na kuwa nzito, hivyo presha ya juu inaweza kushuka wakati ya chini kwenye mwamba inapanda. Bomba la mita 4,000 likipata joto la nyuzi 80 zaidi, hurefuka karibu mita 4. Majimaji yaliyonaswa nyuma ya bomba yanatanuka na kutafuta pa kupasukia. Mipira ya kuzibia hunywa gesi, na ukishusha presha kwa pupa inavimba na kuchanika kutoka ndani. Kwa hiyo kila hatua inakwenda polepole, na kipimo cha kuaminika kinateremshwa chini karibu na mwamba. Gharama zinatoka huko.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni mtu kuchagua namba inayompendeza. Tarehe 20 Aprili 2010, Ghuba ya Meksiko, kisima cha Macondo kilikuwa kinapimwa kama kimezibwa sawasawa. Bomba la kuchorongea lilisoma psi 1,400, njia nyingine ikasoma sifuri. Namba mbili zilizotakiwa kukubaliana zilikuwa zinagombana. Yakatafutwa maelezo ya ile 1,400, ile sifuri ikaaminiwa, kazi ikaendelea. Usiku huohuo mtambo ulilipuka, watu 11 wakafa. Wale walikuwa wazoefu, si madalali.

Mjomba amwombe dalali kitu kimoja tu: mchoro wa presha ya geji ya chini baada ya kisima kufungwa, pamoja na presha ya kabla ya kutiririsha. Akiupata, uje nao tuusome. Akiletewa video nyingine, umeshajua.

Na wala usidhani ugonjwa huu ni wa gesi pekee. Hapahapa Dodoma fundi anachimba kisima cha maji, anakipuliza kwa kompresa nusu saa, maji yanaruka juu, anamwandikia mwenye nyumba lita kadhaa kwa saa na kukunja mabomba yake. Ukimuuliza mbona hajapampu saa 24 na kuangalia maji yanarudi kwa kasi gani, anasema hiyo ni ya miradi ya serikali. Machi kisima kinajaa, watu wanapiga picha. Oktoba mwenye nyumba huyohuyo unamkuta barabarani anasubiri boza.