Mwalimu Anajibu: Damu ya Romeo na Juliet iko shingoni mwa nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tano hapa Temeke. Kwenye mahafali ya kidato cha sita tuliigiza kwa kifupi Romeo and Juliet ya Shakespeare, ile ya wapenzi wawili vijana wanaoishia kujiua, mimi nikiwa yaya wa Juliet. Tulipomaliza, wazazi wakabishana kuliko sisi. Mzee mmoja alisema kosa ni la Romeo, kijana hana subira. Mama mmoja akanishika mkono: "Wewe yaya ndiye uliyemponza mtoto wa watu." Mwalimu wetu anasema ni majaaliwa, maana tangu utangulizi tunaambiwa nyota zao zilikuwa mbaya. Wewe unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mama ameona kitu, nitamrudia. Lakini mimi niliyefundisha tamthilia hiyo mpaka nikastaafu namtwika mzigo Padre Laurence, aliyewafungisha ndoa ya siri, na habari za nyota sizitaki.

Wanaomtetea husema alitaka ndoa ile ipatanishe koo zao mbili zenye uhasama, tauni ikamharibia. Kweli, barua aliyomwandikia Romeo aliyekuwa uhamishoni Mantua, kumweleza kwamba Juliet amelazwa tu na dawa, ilikwamishwa na tauni. Mtawa John aliyepewa kuipeleka alimfuata mwenzake wa kusafiri naye, wakashukiwa kutoka nyumba yenye ugonjwa, wakafungiwa ndani. Watazamaji wa London hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Miaka ya 1592 hadi 1594 majumba yao ya maigizo yalifungwa kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyohiyo.

Sasa fungua tendo la tatu, onyesho la tatu. Romeo amefukuzwa mjini kwao Verona, na Padre anamwahidi: nenda Mantua, nitamtafuta mtumishi wako, yeye ndiye atakayekuletea kila habari njema. Mtumishi huyo ni Balthasar. Habari ikapatikana, tena nzito kuliko zote, Padre akampa barua mtu mwingine na Balthasar hakuambiwa lolote. Akaona Juliet analazwa kaburini, akapanda farasi mbio kumpelekea bwana wake msiba usiokuwa msiba. Hapa Dar mtu akituma gunia la mchele kwa basi, humpigia mpokeaji simu akamtajia namba ya gari. Padre alituma uhai wa watu wawili, hakuweka hata mjumbe wa akiba.

Na kabla ya barua palikuwa na njia fupi. Paris, kijana ambaye wazazi wa Juliet walimchagulia binti yao, alimfuata Padre mwenyewe kuzungumzia harusi yake na Juliet. Angetamka tu, "Huyu ana mume, nimewafungisha ndoa mimi," harusi ya pili ingekufa palepale. Capulet, baba wa Juliet, angewaka, najua. Alikwisha kumwambia bintiye akafe barabarani akimkataa Paris. Hasira ya baba ina wazee wa kuituliza. Padre akaona heri ampe msichana dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42. Asubuhi nyumba inalia, naye amesimama katikati ya wafiwa akiwahubiria, ilhali anajua yule binti anapumua!

Halafu kaburini. Juliet anaamka, mumewe amekufa kando yake. Padre anasikia kelele za walinzi, anamwambia watoke, binti anakataa, naye anakimbia. Anamwacha peke yake na jambia la Romeo. Mtu mzima! Hapo ndipo huwa nashindwa kabisa kumsamehe.

Sasa yule mama. Yaya alibeba ujumbe, akaleta ngazi ya kamba, akafurahia siri. Mambo yalipochacha akamshauri Juliet aolewe na Paris, akimsifu kuliko mume aliyemsaidia kumpata. Sisi wa pwani tunajua kungwi ni nani kwa mwali wake. Yule alijiuzulu siku anayohitajika. Kuanzia hapo Juliet hakumwambia tena kitu, akabaki na mtu mzima mmoja tu wa kumkimbilia, naye ni Padre. Kwa hiyo mama yuko sahihi nusu.

Capulet, mwanzoni alimtaka Paris asubiri miaka miwili. Baadaye akapanga harusi Alhamisi, kisha akairudisha Jumatano, akaila siku moja ambayo barua iliihitaji. Romeo ana pupa, sibishi, ila mwambie mzee kwamba kijana alinunua sumu kwa sababu ya habari aliyoletewa na mtu anayemwamini.

Katika utenzi wa Arthur Brooke wa 1562, ambao Shakespeare aliutumia, yaya anafukuzwa mjini, muuza sumu ananyongwa, na padre anaachiwa. Shakespeare anamwacha Mtawala wa Verona aseme kwamba wengine watasamehewa na wengine wataadhibiwa, bila kutaja jina. Ndiyo maana wazazi wenu walibishana.

SWALI: Mwalimu, hivi Juliet alikuwa na umri gani? Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Kwa Brooke ni miaka 16. Shakespeare akampunguza: hajatimiza 14, atatimiza mkesha wa Agosti mosi. Kwa kuwa najua unakoelekea: Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 15 kwa msichana akiwa na idhini ya wazazi, na 18 kwa mvulana. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba.